Yah: Kuzuiwa kufanya mtihani wa CCNA kwa kosa la ofisi yenu, na kuandikwa kwamba sikufika

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipia mafunzo pamoja na mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, jumla shilingi 1,450,000, kwa awamu nne. Stakabadhi zote nne ninazo. Jumanne iliyopita saa 3:20 asubuhi nilikuwa mapokezi kwenu kwa ajili ya mtihani wa saa 4:00. Saa 4:15 nilikuwa nimekaa barazani kwenu, hatua chache kutoka mlango wa kioo. Saa 6 mchana ikaingia barua pepe inayosema mtahiniwa hakufika.

Naomba nianze na neno hilo, maana ndilo linaloninyima usingizi. Hakufika. Nilitoka Mbeya Jumatatu jioni kwa basi la usiku, nikashuka Stendi ya Magufuli kabla hakujapambazuka, nikanawa uso na kubadilisha nguo chooni pale stendi, nikapanda daladala mbili hadi kwenu. Mlinzi wenu aliniandikisha kwenye daftari la wageni. Kijana wa mapokezi alinipa ufunguo wa kabati namba 7 nikaweka simu na mkoba. Asiyefika hapewi ufunguo wa kabati.

Utaratibu wenu mnaujua, sina haja ya kuueleza. Jina la usajili na jina la kitambulisho yafanane. Sibishani na kanuni hiyo hata kidogo. Ni kanuni nzuri na inalinda thamani ya cheti. Kitambulisho changu cha NIDA kinasoma Fatuma. Usajili wenu unasoma Fatma. Herufi moja, U. Na aliyeiacha hiyo U ni karani wenu, si mimi. Mimi sikufungua hata hiyo akaunti ya usajili. Nilipotaka kuifungua mwenyewe mlinikataza, mkasema akaunti za wanafunzi mnazifungua ninyi ili kuepusha makosa.

Sasa nieleze kilichotokea mapokezi. Kijana wenu, aliyevaa shati la bluu lenye nembo ya kampuni, alichukua kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akatazama tena kitambulisho. Kisha akakiinua juu kwa vidole viwili ili waliokaa kwenye benchi wakione, akasema: "Jamani, huyu dada jina lake mwenyewe hajui kuliandika, halafu anataka kufanya CCNA." Kwenye benchi walikuwa watu watano. Mmoja alicheka. Wengine waliinamisha vichwa. Akanirudishia kitambulisho kwa kukisukuma juu ya kaunta, akaniambia nikasubiri nje awapigie simu wahusika. Nilikaa nje mpaka saa yangu ikapita.

Ombi langu ni dogo: nipangiwe tarehe mpya ya mtihani bila kulipa chochote, na rekodi ya kwamba sikufika ifutwe.

Huenda mnaona ada ya mtihani ni dola 300 tu, mteja akijipanga atalipa tena. Kwa bei ya dola ya siku niliyolipa, hizo zilikuwa zaidi ya shilingi laki saba na nusu. Mimi nafanya kazi kwenye steshenari, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Awamu ya pili ya malipo yenu, shilingi 350,000, niliikopa kwenye kikoba chetu cha kina mama, na marejesho yake yanaendelea mpaka mwezi wa saba. Wale kina mama waliniombea dua kabla sijapanda basi. Niliporudi walinipokea kwa swali moja tu, na sikuwa na jibu. Ningefeli ningewaambia nimefeli, nikangoja siku tano zinazotakiwa na kujipanga kurudia. Lakini kutofanya kabisa, kwa sababu ya herufi, nawaelezaje? Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama kweli nilikwenda Dar es Salaam.

Miezi kumi na moja nimesoma. Tunafunga duka saa 2 usiku, nikifika nyumbani nasubiri bando la usiku ndipo nafungua masomo. Programu ya Packet Tracer, ya kufanyia mazoezi ya mitandao kwenye kompyuta, hutolewa bure, na katika safari hii yote ndiyo pekee ambayo haikunigharimu shilingi. Sijawahi kuwa na ruta yangu wala swichi. Nimejifunza VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa, na OSPF, yaani jinsi ruta zinavyotafuta njia, kwenye skrini ya laptopu ya mtumba ambayo betri yake imekufa, umeme ukikatika nayo inazima na kazi yote inapotea. Karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya fotokopi sikuzitupa. Nyuma yake nilikuwa naandika mahesabu ya kugawanya mtandao: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Ukiniambia kipande cha mtandao cha /26 nakujibu kabla hujamaliza kutamka: namba ya mwisho ya subnet mask yake ni 192, kila kipande anwani 64, za vifaa 62. Nilipanga kwamba wakinikabidhi tu kile kibao cha kuandikia na kalamu yake, kabla sijafanya lolote, naandika ule mstari wa namba juu kabisa, maana mtihani ni dakika 120 na ukishapita swali hurudi nyuma. Kibao chenyewe nilikiona. Kilikuwa kwenye kaunta yenu, tayari, na kalamu juu yake.

Jambo lingine, na hili naamini kijana wenu hakuwaambia. Mimi nililiona kosa lile siku tisa kabla. Barua pepe ya uthibitisho ilipofika nilisoma jina, moyo ukashtuka, nikapiga simu ofisini kwenu siku ileile. Simu ya kwanza iliita mpaka ikakata. Ya pili akapokea dada mmoja, nikamweleza, akanijibu: "Haina shida dada yangu, tunarekebisha, wewe njoo tu na kitambulisho chako." Nikamtumia picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ili asikosee tena. Tiki mbili za bluu zipo mpaka leo. Siku tatu baadaye nikauliza kama limerekebishwa, tiki mbili za bluu, kimya. Nilikuwa na muda wa kutosha hata wa kuahirisha, kwa kuwa kuahirisha kunaruhusiwa hadi saa 24 kabla ya mtihani. Sikuahirisha kwa sababu mliniambia haina shida. Niliwaamini.

Kwa hiyo Jumanne nilipokuwa nimesimama pale kwenye kaunta, kijana wenu hakuwa anagundua kosa. Ofisi yenu ilikuwa imekaa nalo siku tisa.

Narudia tukio la mapokezi, kwa sababu mwanzoni niliona aibu kulieleza lote. Kijana yule hakuanza na kitambulisho kama utaratibu unavyosema. Alianza na kunipekua. Nikavua saa, nikavua hereni, nikasogeza mtandio aone masikio, akaniambia nitoe mifuko ya koti nje aone kama ni mitupu. Nikaitoa. Ndipo akaomba kitambulisho. Kwa hiyo wakati anakiinua kile kitambulisho juu kwa vidole viwili na kuwaambia watu kwamba huyu dada jina lake mwenyewe hajui kuliandika, mimi nilikuwa nimesimama mbele yao bila hereni, mtandio umelegea, mifuko ya koti ikining'inia nje. Aliyecheka alikuwa amekaa karibu kabisa na mimi. Nikamwambia kijana, kwa adabu: "Kaka, aliyeandika ni ofisi yenu, nina meseji kwenye simu, naomba nifungue kabati nikuonyeshe." Akajibu kwamba simu haitolewi kabatini mpaka mtihani uishe. Nikamwambia mtihani wenyewe hunipi. Akaita: "Anayefuata!"

Anayefuata. Na kweli akasimama mwingine nyuma yangu, nikalazimika kusogea.

Kule barazani nilikaa chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Kupitia kioo nilikuwa naiona saa ya ukutani. Saa 3:50. Saa 4:00. Saa 4:10 nikagonga mlango, mlinzi akaniambia nitulie nitaitwa. Saa 4:15 kijana akatokeza kichwa akasema mfumo umeshafunga, nichukue vitu vyangu. Nilipoweka mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa kabati ndipo nikagundua mifuko bado iko nje. Muda wote ule nilikaa hivyo, watu wakipita. Hakuna hata mmoja wa ofisi yenu aliyeniambia dada, rudisha mifuko yako. Na ufunguo ulikuwa mkononi, nimeushika kwa nguvu mpaka umeniacha alama.

Ndugu Meneja, nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba tarehe mpya tu. Nimefika hapa na naona tarehe mpya peke yake haitoshi. Nadai yafuatayo. Nilipiwe mtihani mwingine kwa gharama yenu, niufanye kwenye kituo kingine na si kwenu, kwa sababu sitaingia tena mlango ule. Nirudishiwe nauli ya kwenda na kurudi Mbeya na mshahara wa siku mbili nilizokatwa kazini. Niletewe barua ya kuomba radhi, yenye saini yako na mhuri, ikieleza kwamba kosa la jina lilikuwa la ofisi yenu. Barua hiyo naihitaji kwa sababu kuna kazi hapa Mbeya kwenye kampuni ya intaneti, wanataka mwenye CCNA, niliwaahidi matokeo wiki iliyopita, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Mkichelewesha mtihani mpaka nafasi ile inipite, basi hata hayo niliyoyataja hayatatosha, nitadai fedha zangu zote 1,450,000 pamoja na fidia.

Na yule kijana asimame mbele yenu aeleze maneno aliyoyasema. Sitaki afukuzwe kazi. Najua kazi inavyotafutwa. Nataka aulizwe, na jibu lake nilipate kwa maandishi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nakala nimeihifadhi pamoja na stakabadhi, picha za zile meseji na ile barua pepe ya kwamba sikufika. Siku ya 15 nitaipeleka Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na inapokea malalamiko ya walaji. Nitawaandikia pia Cisco, wenye mtihani wenyewe, kuwaeleza jinsi kituo chenu kinavyopekua watahiniwa kabla ya kuangalia vitambulisho, na kinavyoandika hakufika kwa mtu aliyekaa barazani. Nitauliza NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kuhusu usajili wa mafunzo yenu. Na ikinilazimu kwenda mahakamani nitakwenda, hata kama ni kwa kupanda basi lile la usiku kila tarehe ya kesi. Nimeshalizoea.

Daftari la mlinzi la Jumanne naomba lisipotee. Jina langu limo, mstari wa nne kutoka juu, nimeliandika kwa mkono wangu pamoja na muda, saa 3:20.

Jibu lije kwa barua, si kwa simu. Kwa simu mlishaniambia haina shida.

Wako mteja,

Fatuma
Mbeya