Mwalimu, shati hilo limefuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa kifuani tangu shule zifunguliwe Januari. Mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Uyole hapa Mbeya, na kazi iliyonilisha mimi na wanangu wanne ni kufua nguo za watu. Nilianza mwaka 1989 na hadi leo nafua, ingawa sasa nguvu zimepungua na nachagua kazi: mashuka ya nyumba mbili za wageni, nguo za kwaya, vitambaa vya meza ya Bwana kanisani kwetu, na mashati ya shule ya mjukuu wangu wa darasa la nne.

Jumatatu moja mwezi huo, mtoto huyo alirudi nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa ametolewa mstarini kwenye ukaguzi wa usafi, yeye na wenzake saba. Ameambiwa shati ni chafu, aende nyumbani, asirudi bila shati jeupe. Mhariri, shati lile nililifua mwenyewe Jumamosi, nikalisuuza maji matatu, Jumapili jioni nikalipiga pasi. Halikuwa na tope wala jasho, na ukilinusa lilinukia sabuni. Kosa lake ni kwamba lilikuwa la njano. Mtoto alijikaza njia nzima, alipofika mlangoni ndipo akalia, akaniuliza, "Bibi, kwani hukufua?"

Jina la shule sitalitaja. Najua mwalimu aliyekagua hakuwa na nia mbaya, na usafi ni jambo ninaloliheshimu kuliko watu wengi, maana ndio ulionilisha. Lakini alichokiona mwalimu kwenye kola ile ni kutu. Na aliyeitia kutu ile ni binti yangu, mama wa mtoto, kwa kutaka shati lizidi kuwa jeupe.

Mtaani kwetu bomba hutoka kwa zamu. Siku zisizo za zamu tunachota kwenye kisima kirefu cha jirani. Maji yake yakitoka ni maangavu, unaona hadi kitako cha ndoo, ila ukiyaonja yana ladha ya msumari. Yaache usiku mmoja, asubuhi utakuta kwenye kingo za ndoo utando wa rangi ya kutu. Ndani ya maji hayo kuna chuma kilichoyeyuka, nacho hakionekani hadi kikutane na hewa. Hewa hukigeuza kutu taratibu. Blichi hukigeuza kutu palepale. Ukiloweka shati jeupe kwenye maji hayo na kumimina blichi, kutu inazaliwa ndani ya beseni na shati ndilo linaloipokea, inaingia kwenye nyuzi na kukaa. Wiki ijayo shati lina njano zaidi, unaongeza blichi. Binti yangu alianza na kifuniko kimoja. Nilipomuuliza Januari hiyo, alikuwa amefika nusu kikombe kwa mashati matatu.

Hakuniamini mara moja, na simlaumu, kwa sababu kwenye chupa imeandikwa kwamba ni ya kung'arisha. Basi nikachukua chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Moja nikaijaza maji ya kisima, nyingine maji ya mvua niliyokinga kwenye bati. Kila moja nikaitia matone machache ya blichi. Ya mvua ilibaki ilivyo. Ya kisima ilianza kubadilika tukiitazama, na kabla ugali haujaiva ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani kidogo. Binti yangu aliishika chupa ile akaigeuza kwenye mwanga, hakusema kitu, akaenda kuyatoa mashati kwenye beseni.

Nilijifunza kuyaogopa maji zamani, si kwa kisima hiki. Miaka ya tisini tuliishi upande wa Songwe, mume wangu alipokuwa kibarua huko. Kule kuna chemchemi za maji moto, na maji yake yamejenga mawe kwa chokaa yake yenyewe, tabaka juu ya tabaka, mawe ambayo watu huyachimba. Maji tuliyokuwa tukifulia yalikuwa na chokaa hiyohiyo. Sabuni ya mche ilikataa kutoa povu, ikaganda kuwa utando wa kijivu unaong'ang'ania beseni na nguo pamoja. Mashati ya kule hayakuwa ya njano, yalikuwa kama yamepita majivuni, na yakikauka yanasimama kama ubao. Nilisemwa sana. Mama mmoja mtu mzima, jirani, ndiye aliyenionea huruma akaniambia, mwanangu, si mikono yako, ni maji. Akanifundisha kulainisha maji kwa magadi kwanza, kufulia sabuni ya unga badala ya mche, na maji ya mvua kuyaweka akiba ya kusuuzia. Nguo zangu zikarudi, na wateja pia.

Nilikozaliwa mimi, Tukuyu, hatukuwa na shida ya maji hata kidogo. Mvua ya kule kila mtu anaijua, na mche mmoja wa sabuni ulitosha nguo za nyumba nzima. Adui yetu alikuwa utomvu wa ndizi. Ukidondokea nguo nyeupe hauonekani, ukikauka unakuwa mweusi, na hapo hakuna dawa. Mama alikuwa na kanga moja kuukuu kwa ajili ya kukata ndizi tu, na mtoto aliyeingia mgombani na nguo ya Jumapili alilia kabla hajaguswa. Parachichi nalo ni hivyohivyo, afadhali watu wa Rungwe na Njombe walijue hilo sasa wanapolima kwa wingi.

Kwa hiyo ninapoona watoto wanane wamerudishwa asubuhi moja, sioni akina mama wanane wavivu. Naona kisima kimoja.

Mwenzangu mmoja, ambaye binti yake alikuwa kati ya hao wanane, alikopa akanunua shati jipya jioni ileile ili mtoto asikose kipindi. Nilimpata dukani, nikamwambia akilifulia maji yale na blichi, mwezi hautaisha litakuwa kama la kwanza. Alinitazama kama ninamtakia mabaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tangu 2016 ada ya shule ya serikali imeondolewa na tunashukuru, lakini sare ni ya mzazi, na mzazi anayeuza mchicha hawezi kununua shati kila mwezi kwa sababu ya rangi ya maji.

Nilivyolirudisha shati la mjukuu wangu ni hivi, na nasema kwa faida ya wenye shida hii. Kwanza nililisuuza mara nyingi kwa maji ya mvua, nikalianika, nikaliacha siku nzima, blichi yote iishe. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: blichi isikutane na limao, siki, dawa ya kusafishia choo wala kitu chochote kikali. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Kwenye nyumba moja ya wageni nilikowahi kufanya kazi, dada mmoja alichanganya blichi na dawa ya choo ili amalize haraka. Tulimtoa bafuni akikohoa, macho yakimchuruzika, na ilimchukua siku kadhaa kifua kutulia. Wala isihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi, anakunywa.

Blichi ilipokwisha nikakamua malimao manne yaliyopanda kutoka Kyela, nikayatia kwenye beseni la plastiki lenye maji ya vuguvugu, shati likalala humo saa nzima. Kola na mabega, palipokolea, nikapaka limao tupu na chumvi, nikalitandaza juani. Nikasuuza, nikarudia siku ya pili. Baada ya hapo ndipo nikalifua kwa sabuni kama kawaida. Halikurudi kama la dukani, lakini ukiliweka karibu na unga wa sembe unaona ni nguo nyeupe.

Maji ya kisima sijaacha kuyatumia, nitayaacha vipi. Nayamimina kutoka ndoo hii kwenda ile mara nyingi yapigwe na hewa, nayafunika, yanalala. Asubuhi kutu imeshuka chini. Nateka ya juu polepole kwa kikombe, nayachuja kwa kitambaa kizito, na mwisho wa ndoo naumwagia maua. Hata hivyo nguo nyeupe hazioni blichi kwangu, labda kwa maji ya mvua, kidogo, dakika kumi, pamba tupu. Kola na makwapa nasugua mche wa sabuni mkavu nikishalowesha, naacha nusu saa kabla ya kuloweka. Maana uchafu wa kola ni mafuta ya mwili na ya kujipaka, na mafuta yanataka sabuni.

Tope la Januari nalo watu wanalikosea. Mtoto akifika na tope jekundu kwenye shati, mama anakimbilia maji na blichi. Liache likauke, likung'ute, lipige brashi, ndipo ulitie maji baridi na sabuni. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilekile kilichoshika kutu, na kutu blichi haiiwezi. Ndugu zangu wa Makambako wanaofua vumbi lile kila siku watanielewa.

Bluu ya kufulia siitupi, naipenda tangu nikiwa msichana. Ila bluu haiondoi njano, inaifunika machoni. Nguo iliyo safi na imepauka kidogo, bluu kidogo iliyofungwa kitambaani na kukorogwa vizuri kabla nguo haijaingia inaifanya icheke. Yenye kutu ukiitia bluu inakuwa rangi isiyo na jina.

Na jua, jua letu la nyanda za juu. Hapa Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi, na hata Juni unapovaa sweta mbili jua la saa sita lina makali ya kung'arisha pamba kuliko chupa yoyote. Anika nyeupe ingali na maji, upande wa ndani nje, na uitoe kabla umande haujashuka. Shida ni masika, nguo inakaa siku tatu kambani inashika ukungu. Siku hizo nafua chache, nakamua kwa mbili: mtu wa pili anashika ncha nyingine.

Sasa ombi langu kwa walimu, nao ni wanangu kwa umri. Siku ya ukaguzi, mwalimu asitazame rangi kutoka mbali. Ageuze kola ya mtoto, atazame mstari wa ndani pale shingo inapogusa, na anuse. Kola chafu ina mstari mweusi wenye mafuta, na inanuka. Kola yenye kutu ni ya njano sawasawa, ndani na nje, na inanuka sabuni. Mwalimu yeyote aliyewahi kujifulia anaweza kuzitofautisha. Na ile karatasi iliyoletwa nyumbani, inayotuagiza wazazi tutumie dawa ya kung'arisha, naomba ifutwe, kwa sababu kwa maji tuliyonayo inatuagiza tuyaharibu mashati.

Madarasa ya shule ile yana bati refu, na mvua yote inamwagika uwanjani na kugeuka tope. Wazazi tukiitwa kuchangia mifereji na tangi, mimi nitakuwa wa kwanza kuja, na sitakuja mikono mitupu.

Mbali na Jumatatu ile, mjukuu wangu alikosa siku mbili za masomo. Ya kwanza shati lilikuwa kwenye limao, ya pili lilikuwa kambani. Katika siku hizo walianza hesabu za sehemu, na mpaka leo jioni ananiuliza mimi, ambaye sikufika mbali na sehemu.

Zile chupa mbili bado ziko dirishani jikoni kwangu, ya kisima imeshaweka masimbi ya kahawia chini. Sijazitupa kwa sababu nataka mwalimu azione. Kila siku anapita mbele ya nyumba yangu kwenda kupanda gari. Namkaribisha kwa heshima, jioni yoyote isipokuwa Jumatano, ambayo ni siku ya mashuka.

Bibi mfuaji,
Uyole, Mbeya