Mwalimu asiyejiamini humuumiza mwanafunzi anayesuasua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalosahaulika kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Mjadala huishia kwenye vitabu, madawati na msongamano wa wanafunzi. Ni hoja za kweli. Lakini walimu wawili wanaweza kuwa wamesoma chuo kimoja na wanafundisha madarasa yanayofanana, huku mmoja wao amekwisha kujiambia kimoyomoyo kwamba watoto hawa hawafundishiki.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake ndiyo huamua kama atalijaribu jambo, na atavumilia kiasi gani likimwia gumu. Mwaka 1984 Sherri Gibson na Myron Dembo waliifuata hoja hiyo hadi darasani. Mwanafunzi alipokosa jibu, mwalimu anayejiamini alibaki naye na kumwongoza kwa maswali mengine mpaka alipate. Asiyejiamini alikuwa mwepesi wa kukosoa na kukata tamaa.

Mtoto anayekatiwa tamaa namna hiyo wiki baada ya wiki hujifunza kunyamaza. Hodari atasoma hata peke yake. Anayeumia ni yule anayesuasua, na hili lilionekana Marekani katika utafiti wa Carol Midgley na wenzake wa mwaka 1989: wanafunzi waliotoka kwa walimu wa hisabati wanaojiamini wakaingia kwa wasiojiamini walishuka matarajio yao, na wenye alama za chini waliathirika zaidi.

Kinachonisikitisha ni dawa tunayoitoa. Tunaita semina, mzungumzaji anahamasisha, walimu wanapiga makofi, kisha Jumatatu wanarudi kwenye darasa lile lile lililowashinda. Bandura aliyaweka maneno ya kutia moyo nyuma ya mambo mawili: kufanikiwa wewe mwenyewe, na kumwona mtu aliye kama wewe akifanikiwa. Shule nyingi huwanyima walimu yote mawili. Mwalimu mgeni hutupiwa darasa ambalo wakongwe wamelikimbia. Mlango wake ukifunguliwa, anayeingia ni mkaguzi wa kutafuta makosa, na wapo wanaothubutu kumkaripia mbele ya wanafunzi wake. Mtu huyo atapata wapi ujasiri wa kujaribu mbinu mpya kesho yake?

Sisemi kujiamini kunatosha bila kulijua somo. Mwalimu wa aina hiyo hupotosha kwa sauti kubwa. Nasema maarifa peke yake hayamfanyi mtu aendelee kuhangaika na mtoto aliyekosa jibu mara tatu.

Walimu wakuu wanaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri bajeti. Mwalimu mgeni apewe darasa analoweza kulimudu. Ratiba itenge kipindi kimoja kwa wiki ambacho kila mwalimu ataketi nyuma ya darasa la mwenzake, atazame, kisha wazungumze wawili tu, na lolote watakalozungumza lisiandikwe kwenye faili la mtu yeyote.

Mwalimu wa sekondari