Tangazo la kiwanja litaje namba, si hatua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niyaseme matangazo ya viwanja vya bei nafuu vya Chanika, Kigamboni na Mlandizi. Wanaoyakimbilia ni wenye milioni nne au tano za kiinua mgongo, na hawana nyingine.

Chukua kile kiwanja cha "hatua 20 kwa 20". Mnunuzi anahesabu mita za mraba 400. Lakini hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo kila upande ni mita 15 na eneo lote ni mita za mraba 225. Hapo bado jirani hajadai njia ya gari.

Neno "kimepimwa" nalo lina ujanja. Kuchimbia zege kwenye kona nne si upimaji. Bikoni halali, yaani jiwe la mpaka, ina namba, na namba hiyo imo kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Wizara ya Ardhi. Ramani hiyo ipelekwe kwa afisa ardhi wa halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi ya advansi. Kama hati ipo, upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati. Huko ndiko rehani ya benki au zuio la mahakama huonekana. Muhuri wa serikali ya mtaa hauonyeshi hayo.

Mita 60 kutoka mtoni au baharini haziruhusiwi kujengwa, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Kiangazi bonde hupendeza kweli. Likaguliwe wakati wa masika.

Fedha zisiishie zote kwa muuzaji. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, wakili, na kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Hii ya mwisho ni ya muuzaji, ila bila kulipwa uhamisho haukamiliki, na akishapokea chake simu haipatikani. Mkataba utaje nani analipa, mwenza wa muuzaji asaini ridhaa, na sehemu ya bei izuiwe hadi Mamlaka ya Mapato (TRA) watoe cheti cha kodi hiyo kulipwa.

Kwa gazeti kazi ni ndogo: fomu ya tangazo iwe na nafasi za namba ya kiwanja, kitalu na ramani ya upimaji. Asiyenazo aandikiwe "shamba, halijapimwa".

Mpimaji ardhi,
Kibaha