Neno lilelile, kinywa tofauti

Mhariri,

Kila mjadala wa ubaguzi kwenye soka ukipamba moto, hatukosi mtu wa kusema neno ni neno tu, na mwingine anayetaka lipigwe marufuku kwa wote. Sikubaliani na yeyote kati yao.

Mwaka 2011 Luis Suárez wa Liverpool alipatikana na hatia ya kumwita Patrice Evra, mchezaji mweusi wa Manchester United, "negro" ("mweusi" kwa Kihispania) katikati ya ugomvi uwanjani. Akafungiwa mechi 8. Mwaka 2020 Mruguai mwenzake, Edinson Cavani, alimjibu rafiki yake Instagram "gracias negrito" (yaani "asante, mweusi mdogo", ambalo kwao ni neno la kirafiki) baada ya kuifunga Southampton. Mechi 3, na faini ya pauni 100,000, ingawa jopo la nidhamu la Chama cha Soka cha England lilikubali kwamba hakukusudia kumdhalilisha mtu. Hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ilikuwa uonevu.

Sisi tuna utani. Mngoni humwambia Mhehe, tena msibani, kwamba anakula mbwa, na watu wanacheka, kwa sababu Mhehe naye zamu yake ipo. Sasa maneno hayohayo yatoke kwa meneja wa hoteli akimsema mhudumu wa Kihehe mbele ya wateja. Huyo binti atamrudishia nini, na mshahara bado haujatoka?

Wanaoshangaa kwa nini Wamarekani Weusi huitana lile neno lao la matusi linaloanza na N, lakini Mzungu akilitamka inakuwa kesi, waanzie hapo. Mzungu huyo ataitwa jina gani limuume sawasawa?

Msomaji,
Iringa