Asante kaka dereva wa lori, pale Chalinze

Kaka uliyenisaidia pale kituo cha mafuta Chalinze, asante sana. Gari yangu, Toyota IST, ilikuwa inatetemeka kila nikisimama, nikikanyaga mafuta inatulia, na fundi mmoja alishaniambia ninunue maunti zote za injini (mipira inayoishikilia injini). Wewe ulichomoa soketi za koili (zile zinazoipa kila plagi umeme wa cheche) moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Tatu zilibadilisha mlio. Ya silinda ya pili, wala! Yaani silinda hiyo ilikuwa haichomi. Ukaihamishia koili ile silinda ya tatu, na ubovu nao ukahamia huko. Kumbe koili tu, na plagi yake imechakaa (plagi mbovu huichosha koili). Hela ya soda ukakataa, ukaondoka kabla sijakuuliza jina. Mungu akuzidishie, kaka. Soda yako bado nadaiwa.