Barua ya wazi kwa vijana wa gitaa la ridhimu

Wanangu,

Marahaba. Malalamiko yenu yamenifikia: mpiga solo anashangiliwa, mwimbaji anatuzwa, na nyinyi wa ridhimu, mnaoshika mdundo nyuma yao, mnakumbukwa posho ikishagawiwa. Baadhi yenu mmeamua kuliweka gitaa uvunguni mkatengeneze biti. Kutengeneza biti sikupingi hata kidogo. Nawasihi tu mwende na gitaa lenu.

Mtazameni mpiga gitaa Nile Rodgers wa New York. Huyu ni mtu wa ridhimu kama nyinyi. Ujanani alikuwa kwenye bendi ya ukumbi wa Apollo, Harlem, akiwapigia waimbaji wa kila aina, kazi ambayo hakuna anayekuuliza jina. Mwangalieni mikono: wa kulia hausimami, unapanda na kushuka muda wote, wa kushoto unaminya nyuzi na kuziachia, hata sauti nyingine zinakatwa kabla hazijakua. Solo ndefu humsikii akipiga. Mtindo huo na besi ya mwenzake Bernard Edwards ndiyo iliyokuwa bendi yao ya disko, Chic.

Mkesha wa kuingia mwaka 1978 walialikwa Studio 54, klabu ya disko ya New York, wakazuiwa mlangoni. Wakarudi nyumbani, wakashika vyombo na kuanza kumporomoshea mlinzi matusi kwa muziki. Lile tusi likasafishwa, likawa kiitikio cha "Le Freak", na wimbo ukashika namba moja Marekani. Hasira zenu za posho nazo zipelekeni huko.

Kisha upepo ukageuka. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli Chicago, watu walilipua santuri za disko huku wakishangilia. Baada ya "Good Times" ya mwaka huo huo, Chic haikupata tena wimbo mkubwa. Bendi ngapi zetu zimefia hapo hapo, mtindo ulipopitwa? Hawa wawili walikuwa wameshaanza kuwatungia wengine. Mwaka 1980 wakatengeneza albamu ya mwimbaji Diana Ross, na kabla ya kuandika chochote walikaa naye wakamhoji: anaishije, anawaza nini, anataka kwenda wapi. Ndipo zikatoka "Upside Down" na "I'm Coming Out". Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana maprodyuza wetu wengi wana biti kumi tayari kwenye kompyuta, na mwimbaji akiingia anachaguliwa moja kama anayepimwa shati la dukani. Mpiga ridhimu amezoea kumsikiliza mwingine. Ndiyo kazi yake kila usiku jukwaani. Sioni mtu aliyeandaliwa vizuri zaidi kukaa kwenye kiti cha prodyuza.

Baadaye Rodgers akawatengenezea albamu David Bowie mwaka 1983 na Madonna mwaka 1984. Hayo mnayajua.

Tuje kwenye karatasi, jambo msilopenda kusikia. Wimbo wa Chic "Good Times" ulipotoka mwaka 1979, kundi la Sugarhill Gang likarapu juu ya mdundo wake katika "Rapper's Delight". Rodgers na Edwards wakatishia kwenda mahakamani, na majina yao yakaingizwa kama watunzi. Waliweza kudai kwa sababu wimbo wa awali ulikuwa umeandikwa kwa majina yao. Lakini "Let's Dance" ya Bowie ni habari nyingine. Bowie aliuleta kwa gitaa kavu, Rodgers akaupanga upya hadi ukachezeka, na bado mtunzi anayetajwa ni Bowie peke yake. Rodgers alitajwa kama prodyuza. Kupanga muziki ni kazi moja, kutunga ni nyingine, na malipo yake hayapiti njia moja. Jueni mnaingia studio kufanya ipi.

Tanzania sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na Cosota, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kazi zisajiliwe. Lakini fomu ya usajili haiwezi kuamua nani alitunga nini usiku ule. Hilo mnalimaliza wenyewe.

Mmoja wenu ameniuliza kama amnunulie prodyuza bia ili jina lake liandikwe. Hapana. Andikeni mgawo wa utunzi kwenye karatasi, kila mmoja atie saini, kila mmoja aondoke na nakala. Ukiambiwa "tutaandika baadaye", chomoa waya wa gitaa, keti, ngoja waandike.

Mzee wenu wa ridhimu,
Dar es Salaam