Mheshimiwa Mkurugenzi, saa ile haipimi sukari

Kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Kulinda Walaji,

Salaam. Barua zangu mbili za mwanzo zilijibiwa kwa sentensi ileile, kwamba malalamiko yamepokelewa. Hii ya tatu naiandika mbele ya watu wote, kwa sababu usiku wa juzi nusura nimpoteze mama.

Mama ana kisukari na hujidunga insulini. Alinunua saa janja iliyotangazwa kuwa inapima sukari bila kutoboa kidole, kwa nguvu ya akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kukisia kutokana na data. Juzi nilimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Saa mkononi inasema sukari ni 6.3 (milimoli kwa lita), kana kwamba yu mzima. Nikamtoboa kidole haraka. Mashine ya kupima damu ikasoma 2.6: sukari imeshuka kiasi cha hatari. Alipokwisha kunywa maji ya sukari na kutulia, niliifunga saa ile kwenye taulo lililoviringishwa. Ikasoma 5.8. Taulo, Mheshimiwa!

Saa hizi humulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Mapigo ya moyo yanapimika hivyo. Sukari ni jambo jingine: tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hata vile vipimo vya kubandika mkononi vina kijiuzi kinachoingia chini ya ngozi. Muuzaji hakuyajua haya? Siamini. Mama aliambiwa "akili mnemba" akanyamaza, maana mtu huona haya kuuliza neno ambalo anadhani wenzake wote wanalijua. Nahisi ndiyo sababu walilichagua.

Ulipoingia ofisini ulituahidi kwamba hakuna kifaa kipya kitakachotangazwa bila maelezo ya kueleweka. Tulikuamini. Maelezo ya saa hii yapo, ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi za kutafutwa kwa lenzi: "si kifaa cha tiba". Macho ya mama yameharibiwa na kisukari hichohicho.

Onyo hilo liandikwe kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi kubwa kama za jina la saa. Na tangazo hili la sasa liondolewe. Jana jioni limerushwa tena, mama ameketi kando yangu, akageuza uso. Liondoeni wiki hii, Mheshimiwa. Nakuomba, liondoeni.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa